Ukimchukia mwenzako kuliko adui yenu

 

Leo naomba nianze na habari ya ukuta.

Miaka kadhaa iliyopita, huku kwetu Msanzi, kigango kimoja kilikuwa kinajenga kanisa. Matofali tulichoma wenyewe. Wanawake walibeba maji, vijana walikanyaga udongo, na ukuta ukapanda mpaka kwenye linta. Zilibaki kenchi na mabati. Kigangoni palikuwa na kwaya mbili, ya wakubwa na ya vijana, na kila moja iliendesha mchango wake. Mimi nilikuwa mweka hazina wa kwaya ya wakubwa. Sisi tulikuwa tumeshanunua mabati, yamelala stoo nyumbani kwa mwanakwaya mmoja. Wenzetu, kwa bidii yao na kwa kulima vibarua vya mahindi na maharage, walikuwa wamepata mbao za kenchi.

Nadhani umeshaona tatizo. Mabati hayapandi juu bila mbao, na mbao bila mabati zinaoza. Ila siku ya kutabaruku kanisa ingesomwa risala, na katika risala lingetajwa kundi lililoezeka. Kila upande ulitaka litajwe la kwake. Vijana walisema watasubiri wapate na mabati yao. Sisi tukasema tutasubiri tupate na mbao zetu. Tukasubiriana tangu mavuno hadi Desemba, na wewe unayeishi Ufipa unajua mvua ya Desemba ikiambatana na upepo inavyofanya. Usiku mmoja ukuta wa upande wa magharibi ukalala chini.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini nataka kukukiri jambo ambalo sikulisema asubuhi ile. Niliposimama mbele ya tope lile, wazo la kwanza lililonijia halikuwa huzuni. Nilijiambia moyoni, "Afadhali, sasa watajua kwamba bila sisi hawawezi." Nyumba ya Mungu imeanguka, na mimi nimepata faraja kwa sababu vijana wamekwama. Bibi mmoja aliyekuwa amebeba maji ya ujenzi ule tangu siku ya kwanza alituangalia, sisi na wale vijana, akauliza swali moja tu: "Haya wanangu, nani ameshinda?" Hakuna aliyemjibu.

Ukisoma Injili ya Marko sura ya 9, kuanzia mstari wa 38, utamkuta mtume Yohana akiwa na wazo kama langu. Anamletea Yesu taarifa kwamba wamemwona mtu anatoa pepo kwa jina la Bwana, nao wakamkataza. Sababu ya kumkataza? Hakuwa anafuatana nao. Yohana haulizi kama mgonjwa amepona. Haulizi kama pepo kweli ametoka. Kinachomsumbua ni kwamba kazi imefanywa na mtu asiye wa kundi lake. Yesu anajibu kwamba wasimkataze, kwa kuwa asiyekuwa kinyume chao yuko upande wao.

Nimeukumbuka ukuta ule na maneno hayo wiki hizi niliporudia kusoma historia ya ndugu zetu wa Angola, nchi iliyo upande wa pili wa jirani yetu Zambia. Vuta subira, msomaji wangu. Wakubwa wanakumbuka miaka ile Dar es Salaam ilipokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, kuanzia 1963, na wapigania uhuru kutoka kusini walipokuwa wakipewa mafunzo Kongwa. Tulizoea kuwaita wote kwa jina moja: wapigania uhuru. Hatukuelezwa sana jinsi walivyoonana wao kwa wao.

Angola ilikuwa chini ya Mreno. Waliosimama kumpinga waligawanyika mara tatu. Kulikuwa na MPLA, chama kilichofuata siasa ya Kimarx na kuegemea Urusi, kikiongozwa na Dakta Agostinho Neto. Kulikuwa na FNLA ya Holden Roberto, iliyojiita ya kizalendo na kuuchukia ukomunisti, ikikaa Kongo. Na kuanzia 1966 kulikuwa na UNITA ya Jonas Savimbi. Kila kimoja kilikuwa na watu wake, lugha yake na wafadhili wake wa nje.

Sasa sikiliza jambo ambalo linatuhusu sisi watu wa kanisani. Neto alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kimethodisti. Roberto alisoma shule ya misheni ya Kibaptisti. Baba yake Savimbi alikuwa mkuu wa kituo cha reli, na pia mhubiri wa kanisa la Kiinjili la Kikongregesheni. Watatu wote walikua wakisikia Neno la Mungu likisomwa. Watatu wote walijua kisa cha Kaini na Habili kabla hawajajua siasa.

Mwezi Oktoba 1961, mwaka ule ule vita vya ukombozi vilipoanza, kikosi cha wapiganaji 21 wa MPLA kikiongozwa na Tomás Ferreira kiliingia kaskazini mwa Angola kwenda kuwasaidia wenzao waliokuwa wakipambana na Mreno. Hawakufika. Walikamatwa na kuuawa, na waliowaua hawakuwa Wareno. Walikuwa wapiganaji wa UPA, chama kilichokuja kuwa FNLA.

Kisha kuna habari ya Deolinda Rodrigues. Alikuwa msichana wa Kimethodisti, na kanisa ndilo lililomsaidia kwenda kusoma Brazil. Akiwa huko, mwaka 1959, aliandikiana barua na Mchungaji Martin Luther King wa Marekani kuhusu mapambano ya watu wake. Baadaye akajiunga na MPLA. Tarehe 2 Machi 1967 yeye na wanawake wenzake wanne, Irene Cohen, Engrácia dos Santos, Lucrécia Paim na Teresa Afonso, walikamatwa wakiwa safarini na kikosi chao. Walifungwa katika kambi ya Kinkuzu, Kongo, na huko wakauawa. Kinkuzu haikuwa gereza la Mreno. Ilikuwa kambi ya FNLA. Mpaka leo Angola huadhimisha tarehe 2 Machi kuwa Siku ya Mwanamke wa Angola.

Jiulize ndugu yangu, askari aliyelinda lango la kambi ile alikuwa anajiona anapigania nini? Bila shaka angekujibu: uhuru wa Angola. Na wale wanawake ndani ya selo nao wangekujibu hivyo hivyo. Mreno alikuwa amekaa Luanda, hajarusha risasi, na idadi ya waliompinga inapungua.

Usiseme kwamba haya ni ya Waafrika na ukabila wao. Mwaka 1941 Ujerumani ilipoivamia Yugoslavia, walitokea wapiganaji wa msituni wa namna mbili: wazalendo wa mfalme chini ya Kanali Mihailović, na wakomunisti chini ya Tito. Kwa majuma machache walishirikiana. Kabla mwaka ule haujaisha walikuwa wanauana wao kwa wao huku Mjerumani angali ndani ya nchi yao. Na ukienda nyuma zaidi utafika Yerusalemu yenyewe. Mwanahistoria Yosefo anaeleza kwamba wakati jeshi la Roma linakuja kuuzingira mji, mwaka 70, makundi ya Wayahudi yaliyokuwa ndani ya kuta yalipigana yenyewe kwa yenyewe mpaka yakachoma maghala ya nafaka, ili kundi jingine lisipate chakula. Njaa iliyofuata iliwamaliza wote. Mroma aliingia katika mji ambao ulikuwa umeshajidhoofisha.

Huku kwetu nako wazee husimulia jinsi ukoo mmoja wa kitawala ulivyogawanyika, uwanda wa Ufipa ukawa na tawala mbili, Nkansi na Lyangalile, watu wa lugha moja na damu moja wakitazamana kwa mashaka. Kisha Mjerumani akaja, akajenga boma lake Kasanga na kuliita Bismarckburg, akawatawala wa Nkansi na wa Lyangalile kwa kiboko kimoja.

Turudi Angola, maana wao walipata nafasi ambayo wengi hawaipati. Mwezi Aprili 1974 serikali ya Ureno ilipinduliwa na wanajeshi wake wenyewe, na uhuru ukawa mlangoni. Mwezi Januari 1975 Mzee Jomo Kenyatta aliwakutanisha Neto, Roberto na Savimbi Mombasa, wakakubaliana kusimama pamoja. Tarehe 15 Januari wakatia saini na Ureno mkataba wa Alvor, na mwisho wa mwezi ule wakaunda serikali ya pamoja. Miezi michache baadaye mitaa ya Luanda ilikuwa inanuka baruti. Mwezi Juni Kenyatta akawaita tena, safari hii Nakuru. Wakaahidi tena kuacha silaha. Mwezi Julai mapigano yakarudi kwa nguvu.

Uhuru ulifika tarehe 11 Novemba 1975 ukiwa umepasuka vipande viwili. Luanda MPLA ikatangaza jamhuri yake. FNLA na UNITA wakatangaza ya kwao. Wageni walikuwa wameshaingia: makaburu wa Afrika Kusini upande mmoja, Wakuba upande mwingine, Marekani na Urusi wakilipa gharama. Hata Afrika yenyewe ikakatika katikati. Wakuu wa nchi za OAU walipokutana Addis Ababa Januari 1976, nchi 22 zilitaka MPLA itambuliwe, Tanzania ikiwamo, na nchi 22 zilitaka serikali ya mseto.

Vita ile haikuisha mpaka Savimbi alipouawa Februari 2002, na makubaliano ya kuweka silaha chini yakatiwa saini tarehe 4 Aprili mwaka huo. Zaidi ya miaka 26 baada ya uhuru. Inakadiriwa kwamba watu nusu milioni walikufa. Wengine walibaki bila miguu kwa sababu ya mabomu ya ardhini, na maelfu walikimbilia Zambia, wakazaa na kuzeeka kwenye kambi za wakimbizi. Mreno alikuwa ameshaondoka siku nyingi.

Najua kuna msomaji anayetikisa kichwa. Ananiambia: mwandishi, usirahisishe mambo. Tofauti zao zilikuwa za kweli. Ukomunisti na Injili ni vitu viwili, na mtu ana haki ya kuukataa. Ukabila ulikuwapo, dhuluma zilikuwapo. Je, unataka tujifanye hatutofautiani?

Swali hilo ni la haki. Sitaki tujifanye. Bwana wetu mwenyewe hakujifanya. Tazama orodha ya mitume wake kumi na wawili. Yumo Mathayo, mtoza ushuru, aliyekuwa akikusanya fedha kwa faida ya wakoloni wa Kirumi. Yumo pia Simoni aliyeitwa Zelote, jina la watu waliowaka wivu kwa ajili ya taifa lao na kuwaona watoza ushuru kuwa wasaliti. Watu wa namna hiyo wawili hawawekwi chumba kimoja bila mtu kuficha visu. Yesu aliwaita wote wawili, akawalaza njia moja, akawalisha mkate mmoja. Injili hazituambii kwamba Mathayo alishinda hoja au Simoni alishinda hoja. Zinatuambia kwamba walibaki mezani.

Kuna jambo jingine ambalo mara nyingi tunaligeuza juu chini. Yesu alisema mara mbili maneno yanayoonekana kupingana. Katika Luka 9:50 anasema asiye kinyume chenu yuko upande wenu. Katika Luka 11:23 anasema asiye pamoja naye ni mpinzani wake. Lipi tufuate? Yote mawili, ila kila moja mahali pake. La pili ni la kujipima mimi mwenyewe: je, niko pamoja na Kristo, au ninatawanya? La kwanza ni la kumpima mwenzangu. Sisi tunafanya kinyume. Tunajipima kwa lile laini, na jirani tunampima kwa lile kali. Kwangu mimi kuimba Jumapili kunatosha. Yeye, kwa kuwa hakukaa kwenye benchi letu, ni mpinzani.

Mtume Paulo alipokuwa kifungoni alijua kuna watu wanahubiri kwa fitina, ili kumwongezea uchungu. Soma Wafilipi 1, mstari wa 15 hadi 18. Anasema nia zao anazijua. Halafu anasema kwamba ikiwa Kristo anahubiriwa, yeye anafurahi. Paulo hakusema fitina ni nzuri. Alikataa tu kuiacha fitina yao imnyang'anye furaha ya kazi iliyofanyika. Hapo ndipo mimi nilipoanguka mbele ya ule ukuta. Vijana walikuwa na mbao. Mbao zile zilikuwa za Mungu tangu siku zilipokatwa, na mimi sikuweza kuzifurahia.

Basi hicho ndicho kipimo ninachokuletea Jumapili ya leo. Tofauti zitakuwapo. Jiulize tu hili: jema likifanywa na watu wa upande wa pili, moyo wako unafanya nini? Kanisa la jirani likifungua zahanati, unamshukuru Mungu kwa ajili ya akina mama watakaojifungua salama, au unaanza kuuliza fedha zimetoka wapi? Jumuiya nyingine ikitoa mchango mkubwa kuliko wenu, unapiga makofi au unahesabu nani amejionyesha? Diwani wa chama usichokipenda akileta kisima, maji yale unayaona machungu? Ukiona kwamba kushindwa kwa mwenzako kunakupa usingizi mzuri, jua kwamba adui wa kweli, yule tuliyemkana siku ya ubatizo, ameshakusahau. Hana haja ya kukuvizia. Unamfanyia kazi yake.

Lipo tumaini pia, na lilitoka Angola hiyo hiyo. Vita vile vilikuwa vimewagawa hata waamini: wengine maeneo ya serikali, wengine msituni kwa UNITA, wote wakiomba ushindi kwa Mungu mmoja. Mwaka 2000, vita vikiwa bado vinawaka, Wakatoliki na makanisa ya Kiprotestanti waliacha kila mmoja kusema kivyake, wakaunda kamati moja ya makanisa ya kudai amani, COIEPA. Walizitaka pande zote mbili zizungumze, na upande wowote uliotaka ushindi wa bunduki haukupenda kusikia hivyo. Askofu Mkuu Zacarias Kamwenho wa Lubango, aliyekuwa mmoja wa sauti zake, alipewa na Bunge la Ulaya Tuzo ya Sakharov mwaka 2001. Kamati ile haikumaliza vita peke yake. Lakini watu wa madhehebu mbalimbali walionyesha kwamba wanaweza kukaa meza moja wakati wanasiasa waliolelewa na makanisa hayo hayo walishindwa.

Na ule ukuta wetu? Baada ya swali la yule bibi tulikaa majuma mawili bila kusalimiana vizuri. Kisha jioni moja mwenyekiti wa kwaya ya vijana alibisha hodi kwangu. Ni kijana niliyemzidi umri mara mbili. Alisema, "Mzee, shikamoo. Nimekuja kuomba mabati, na nimekuja kutoa mbao. Risala asomeni nyinyi." Nilimkaribisha ndani, nikashindwa kusema neno kwa muda. Ilitakiwa niwe mimi niliyekwenda kwake. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa stoo.

Tulijenga ukuta upya baada ya masika, kwa saruji safari hii. Siku ya kutabaruku risala ilisema "waamini wa kigango hiki", basi, bila kutaja kwaya. Wapo walionung'unika. Mimi sikunung'unika, ingawa nakiri nilisikiliza kwa makini kama jina letu litatajwa.

Msomaji wangu mpendwa, wiki hii fanya jambo moja. Yupo mtu mmoja au kundi moja mnayefanya kazi ile ile naye, na hamsaidiani. Pengine ni kwaya, pengine ni kamati ya shule, pengine ni ndugu yako wa tumbo moja mnayemtunza naye mama mgonjwa huku kila mmoja akihesabu nani ametoa zaidi. Usingoje abishe hodi. Chukua ufunguo wa stoo uende wewe, kabla ya mvua.

Bwana Yesu, usiku ule kabla ya mateso uliomba ili sisi sote tuwe wamoja. Utusamehe tulivyofurahia kuanguka kwa wenzetu. Utupe macho ya kuona kazi yako mikononi mwa wale wasiofuatana nasi. Amina.

Nakutakia Dominika njema.